Matilda wa nani? Namna ya kuwatenganisha wanawake wa kifalme wenye jina moja

Mjukuu wangu yuko mwaka wa kwanza wa chuo huko Uingereza, anasoma historia. Usiku mmoja, nimeshavua miwani, akanitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo babu. Samahani kama nakuamsha. Nina Matilda wanne kwenye ukurasa mmoja, insha inatakiwa kesho kutwa, na sijui nani kamfunga mume wa nani."

Alijua kwa nini ananiuliza mimi. Uingereza sijafika, lakini nilikaa masjala ya mahakama ya mwanzo miaka 31, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mikono yangu ilikuwa kwenye majalada ya mirathi. Koo zetu za pwani huwaita watoto kwa majina ya bibi zao. Marehemu mmoja anaacha mke Asha, binti Asha, dada Asha, na mama mzazi Asha ambaye ndiye somo wa wengine. Mwaka wangu wa pili kazini nilituma hati ya wito kwa Asha Juma asiyehusika. Siku ya shauri akaja na kanga mpya, kaongozana na mwanawe aliyebeba mfuko wa kutilia karatasi, akiamini amerithi nyumba. Aliyerithi, Asha Juma mjane wa marehemu, alikuwa kwake anachambua mchele, hana habari. Hakimu hakunigombeza. Alinitazama tu, na mimi nikatazama chini.

Baada ya hapo nikajitungia utaratibu wangu, na ndio niliompa mjukuu. Nauandika hapa kwa yeyote aliyekwama kwa akina Matilda wa karne ya 12. Ukiuzoea utakufaa hata kwa akina Kleopatra wa Misri, ambao ni wagumu zaidi maana wao waliolewa na kaka zao.

Anza kwa kulifuta jina

Chukua kalamu, kata neno "Matilda" kila linapotokea kwenye ukurasa wako. Kata kweli, usione haya. Ukiliacha, macho yatakudanganya kwamba mtu huyu umeshamwona hapo juu. Mahali pake andika maswali matatu ambayo karani yeyote wa mirathi huyauliza kabla hujaketi: binti wa nani, mke wa nani, mama wa nani. Kisha mfungulie kila mmoja jalada lake.

La kwanza: binti wa Baldwin wa Tano, mtawala wa Flanders. Mke wa William wa Normandy, yule aliyeivamia Uingereza mwaka 1066. Mama wa wafalme wawili, William Rufus na Henry wa Kwanza. Huyu muite Matilda wa Flanders. Alivikwa taji Westminster siku ya Pentekoste mwaka 1068, akafariki tarehe 2 Novemba 1083, akazikwa Caen katika kanisa la watawa alilolianzisha mwenyewe. Utasoma kwamba alikuwa mfupi kama mtoto wa darasa la pili, na kwamba alitarizi kwa mkono wake kile kitambaa kirefu cha Bayeux kinachosimulia vita vya mumewe. Mifupa ilipopimwa ilionyesha mwanamke wa kimo cha karibu sentimita 152. Na kitambaa, ingawa Wafaransa wengi wamezoea kukiita cha Malkia Mathilde, wanahistoria wanakihusisha na shemeji yake, askofu Odo. Usiyaweke hayo mawili jaladani.

La pili: binti wa Malcolm wa Tatu, mfalme wa Uskoti, na mkewe Margaret, ambaye kanisa lilikuja kumtangaza mtakatifu. Mke wa Henry wa Kwanza kuanzia tarehe 11 Novemba 1100. Mama wa William, na mama wa Matilda mwingine. Huyu ni Matilda wa Uskoti, na kwake lazima nikae kidogo.

Alipozaliwa hakuwa Matilda. Alibatizwa Edith. Kwetu masjala mtu wa namna hii alikuja na hati ya kiapo cha majina: mimi niitwaye hivi ndiye yuleyule niitwaye vile. Asipokuwa nayo, utafungua majalada mawili ya mtu mmoja na urithi wake utakwama miaka. Basi ukikutana na binti wa kifalme wa Uskoti aitwaye Edith, analelewa kwenye nyumba za watawa za Romsey na Wilton na shangazi wa kitawa anamshurutisha kuvaa ushungi mweusi, hakuna mtu mpya. Ni jalada la pili. Nimesema "shangazi" kwa kufuata vitabu vyao, lakini Christina alikuwa dada wa mama yake, kwa hiyo ni mama mdogo. Nitalirudia hilo.

Ushungi ule nusura umkoseshe ndoa, kwani watu walisema ameshakuwa mtawa. Akajieleza mbele ya Anselm, askofu mkuu, kwamba alivishwa kwa nguvu ili wanaume Wanormani wasimguse, na kwamba mama mdogo huyo akigeuka tu yeye huuvua, huutupa chini na kuukanyaga. Kikao kikampa haki. Akaolewa, na akaitwa Matilda, jina la Kinormani na jina la mama mkwe wake, marehemu. Zaidi ya hapo, inasimuliwa kwamba mama mkwe huyohuyo ndiye aliyemsimamia ubatizo wake, na kwamba kichanga kilinyoosha mkono kikavuta ushungi wa malkia. Mwari na somo, tungesema sisi. Wakuu wa Kinormani hawakuridhika kwa jina tu; walimcheka mfalme na mkewe kwa kuwaita Godric na Godgifu, majina ya Kiingereza ya shamba.

Alijenga daraja Bow, mashariki ya London, akaanzisha hospitali ya wakoma, na aliwaosha wakoma miguu kwa mikono yake. Alifariki tarehe 1 Mei 1118.

La tatu: binti wa huyo wa pili na Henry wa Kwanza. Mke wa Kaisari Henry wa Tano wa Ujerumani, kisha mke wa Geoffrey wa Anjou. Mama wa Henry wa Pili. Muite Matilda wa Kaisari.

La nne: binti wa Eustace wa Tatu wa Boulogne. Mke wa Stephen, aliyechukua kiti cha ufalme mwaka 1135. Mama wa Eustace mwingine. Muite Matilda wa Boulogne.

Hao wawili wa mwisho ndio waliomkosesha mjukuu usingizi.

Fatuma na Fatma

Kabla hujasonga mbele, pekua vitabu vyako uone kama jina lilelile halijavaa nguo nyingine. Maud ni Matilda. Mahaut na Mathilde ni Matilda kwa Kifaransa, Mechthild kwa Kijerumani, na Waingereza wa zamani waliandika Mold. Sisi tuna Fatuma, Fatma na Fatima, tuna Asha, Aisha na Mwanaisha. Usimhesabu mtu mara mbili kwa kuwa mwandishi mmoja kapenda Maud. Na usidhani Maud lazima awe mtu mwingine kwa kuwa Matilda yupo kwenye sentensi hiyohiyo. Hapo pia rudi kwenye "wa nani".

Kila jibu liandikie mwaka

Hapa ndipo watu huteleza. Mwanamke haachi kuwa binti, lakini "mke wa" hubadilika, na ukiandika bila mwaka utakuwa umeandika nusu.

Matilda wa Kaisari alizaliwa 1102. Mwaka 1110, ana miaka minane, akapelekwa Ujerumani kwa mchumba aliyemzidi miaka mingi. Ndoa ilifungwa Worms, Januari 1114. Mume akafariki Mei 1125, hawakuacha mtoto aliye hai. Juni 1128 baba yake akamwoza Geoffrey wa Anjou, mjini Le Mans: bibi harusi ana miaka 26, bwana harusi hajatimiza 15. (Mjukuu alinitumia kikatuni cha kulia. Nikamwambia ahifadhi machozi, Geoffrey baadaye aliiteka Normandy nzima.) Mtoto wa kwanza, Henry, akazaliwa 1133.

Sasa jaribu. Kitabu kinasema: mwaka 1120 Matilda alifiwa na mumewe. Nani? Wa Flanders keshafariki miaka 37 iliyopita. Wa Uskoti keshafariki miaka miwili iliyopita. Wa Kaisari yuko Ujerumani na mume wake mzima. Wa Boulogne hajaolewa. Jibu ni kwamba majalada manne hayatoshi, fungua la tano.

Tarehe 25 Novemba 1120 jahazi lililoitwa Meli Nyeupe liliondoka Barfleur usiku, mabaharia na abiria wamelewa, likagonga mwamba. Akazama William, mtoto pekee wa kiume wa ndoa wa Henry wa Kwanza. Mwaka mmoja tu nyuma yake alikuwa ameoa Matilda, binti wa Fulk wa Anjou. Bi harusi huyo hakuwamo kwenye chombo kile, akapona. Baadaye akaingia utawani Fontevraud na akawa mkuu wa nyumba hiyo mpaka alipofariki mwaka 1154.

Matilda huyu wa Anjou ndiye dada wa Geoffrey, yule bwana harusi wa miaka 14. Yaani kwanza alikuwa mke wa kaka yake Matilda wa Kaisari, halafu Matilda wa Kaisari akawa mke wa kaka yake yeye. Mawifi kwa pande zote mbili! Nilipoliona hilo niliinuka kwenda kuchemsha chai, maana kwa miaka 31 nililiona jambo kama hilo mara mbili tu, na mara zote ukoo wenyewe ulikuwa umepoteza hesabu.

Katika chombo hichohicho alikuwamo Matilda mwingine, mke wa mtawala wa Perche. Huyu alizama. Inasimuliwa kwamba William alikuwa ameshashushwa kwenye mtumbwi salama, akasikia kilio cha dada huyu, akaamuru warudi kumchukua. Watu wakaujaza mtumbwi, wakazama wote. Alikuwa binti wa Henry wa Kwanza kwa mwanamke mwingine. Henry alikuwa na watoto zaidi ya 20 nje ya ndoa, na ukimhesabu wa Kaisari, mabinti zake walioitwa Matilda wanafika wanne: yeye, huyu wa Perche, mmoja aliyeolewa na mtawala wa Brittany, na mmoja mkuu wa watawa Montivilliers. Usimlaumu mfalme kwa uchache wa majina. Mama yake aliitwa nani? Ndiyo maana nasema jina ulilolifuta usilitupe mbali: haliwezi kukwambia mtu ni yupi, ila hukuonyesha ametokea tumbo gani na nani aliheshimiwa.

Tumia maneno yetu ya ujamaa

Vitabu vya Kiingereza vina neno moja kwa mtoto wa mjomba, wa shangazi, wa mama mdogo na wa baba mkubwa. Neno hilo ndilo lililomchanganya mjukuu kuliko jina la Matilda. Kila alipokuta wawili wanaitwa hivyo, nilimtaka atafsiri kwanza.

Malkia Matilda wa Uskoti alikuwa na mdogo wake, Mary, aliyeolewa na Eustace wa Boulogne. Kwa hiyo Matilda wa Kaisari na Matilda wa Boulogne ni watoto wa mtu na mdogo wake. Kwetu hao ni dada, basi. Stephen je? Mama yake, Adela, alikuwa dada wa Henry wa Kwanza, kwa hiyo kwa Matilda wa Kaisari yeye ni mtoto wa shangazi, binamu hasa. Na bibi yao wa pamoja ni Matilda wa Flanders. Kisha yuko David, mfalme wa Uskoti tangu 1124, kaka wa Matilda wa Uskoti na wa Mary: ni mjomba wa akina Matilda wote wawili. (Mkewe aliitwa nani? Matilda, wa Huntingdon. Weka jalada, usilifungue.)

Andika hivyo halafu usome upya ugomvi. Henry wa Kwanza, baada ya mwanawe kuzama, aliwaapisha wakuu wote mwanzoni mwa 1127 kwamba binti yake atarithi. Mjomba David akaapa. Stephen naye akaapa. Mzee akafa tarehe 1 Desemba 1135, na kabla mwezi haujaisha Stephen alikuwa keshavikwa taji. Binamu kamnyang'anya binamu yake urithi, na mke wa mnyang'anyi ni dada wa aliyenyang'anywa. Mjomba akashika silaha kwa ajili ya mpwa mmoja, akashindwa Kaskazini mwaka 1138, na aliyekwenda kupatana naye Durham mwaka uliofuata ni mpwa wa pili. Hilo ni shauri la mirathi kama nilivyoyajua, isipokuwa hawakwenda mahakamani. Walikwenda na farasi.

Tazama cheo, na tazama anayekitaja

Nyaraka za zamani hutaja vyeo, na hapo kazi huwa nyepesi. Kuanzia Pasaka ya 1136, ukikuta "malkia Matilda" nchini Uingereza, ni wa Boulogne. Ndiye aliyevikwa taji. Matilda wa Kaisari hakuvikwa taji Uingereza hata siku moja. Yeye aliendelea kujiita mke wa Kaisari mpaka kufa, ingawa Kaisari alikufa 1125 na alikuwa na mume mwingine, kama mwalimu mstaafu anavyoendelea kuwa Mwalimu. Cheo cha Geoffrey kilikuwa cha chini, kwa nini ashuke? Mwaka 1141 akaongeza kingine, Bibi wa Waingereza, wakati akingoja taji.

Mwandishi aliyekuwa upande wa Stephen, kwa makusudi, anamwita mke wa mtawala wa Anjou. Ukiona hivyo, usifungue jalada jipya. Andika pembeni: anasema adui.

Mtihani: mwaka 1141

Mtihani niliompa mjukuu ni huu, na wewe ujaribu kabla hujasoma chini: "Matilda alimfunga Stephen, Matilda akamwomba Matilda amfungue, Matilda akakataa, ndipo Matilda akamkamata Robert."

Tarehe 2 Februari Stephen alitekwa kwenye mapigano ya Lincoln na watu wa Matilda wa Kaisari, wakiongozwa na Robert wa Gloucester, kaka yake kwa baba. Akafungwa Bristol. Wa Boulogne akatuma maombi mumewe aachiwe na mwanawe asinyang'anywe mali. Dada yake akakataa. Basi wa Boulogne akaleta jeshi mpaka ng'ambo ya mto Thames, mkabala na London, likachoma na kupora. Watu wa London, ambao wa Kaisari alishawaudhi kwa kuwadai fedha, wakainuka tarehe 24 Juni wakati anajiandaa kula Westminster. Akakimbilia Oxford, chakula kikabaki mezani. Septemba, huko Winchester, jeshi la wa Boulogne likamzunguka. Akaponea chupuchupu, lakini Robert, aliyebaki nyuma ili yeye apate kutoroka, akakamatwa.

Ikawa kila dada ana mtu wa mwenzake. Novemba wakabadilishana, na kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, Stephen alipoachiwa ilibidi malkia na mwanawe wakae Bristol kama dhamana hadi Robert naye afunguliwe. Nimeona dhamana za kila aina, hiyo sijaiona.

Ukiweza kuandika "wa nani" mbele ya kila Matilda katika sentensi ile bila kurudi juu kuchungulia, umefaulu. Mjukuu alikosea mara moja, kwa Matilda wa tatu.

Yaliyobaki ni mepesi. Wa Boulogne alifariki tarehe 3 Mei 1152 katika ngome ya Hedingham, akazikwa Faversham. Wa Kaisari alitoroka Oxford Desemba 1142 akipita juu ya theluji amevaa nyeupe, akarudi Normandy 1148, akaishi kumwona mwanawe akiwa mfalme mwaka 1154, akafariki Rouen tarehe 10 Septemba 1167. Mwanawe naye alimwita binti yake Matilda, huyo akaolewa Saxony. Mfungulie jalada ukipenda.

Insha ilikabidhiwa kwa wakati. Kesho yake nikamtumia mjukuu maneno ya kaburi la Matilda wa Kaisari, nikiyageuza hivi: mkuu kwa kuzaliwa, mkuu zaidi kwa kuolewa, mkuu kupita yote kwa kuzaa, hapa amelala binti, mke na mama wa Henry. Nilitaka aone kwamba waliomzika walitumia maswali yetu yaleyale matatu, kwamba jina Matilda hawakuliandika, na kwamba Geoffrey, aliyekuwa mumewe kwa miaka 23, hakupewa hata neno.

Baada ya dakika mbili simu ikalia. "Babu, Henry yupi?"

Nikamwambia achukue karatasi nyingine.